Kupiga Chapa kwa Mashine Kuukuu: Kumbukumbu za Mwalimu wa Nakivale

Walimu wenzangu wataniwia radhi nikianza na kelele. Katika chumba cha nyuma cha duka moja la makaratasi mjini Mbarara ipo mashine ambayo, ikianza kazi, wateja wa chumba cha mbele hunyamaza wakatazamana. Hulia kama cherehani iliyoshikwa na homa. Kichwa chake hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, husita, hurudi, na kila kinapopita huacha nyuma yake mstari mmoja wa maneno. Kijana mmoja aliyekuja kutoa nakala ya cheti chake aliwahi kuniuliza kama humo ndani mna mtu anayesaga nafaka. Nikamjibu kwamba ndiyo, tunasaga Kiswahili.

Mimi ni mwalimu wa lugha. Nilizaliwa Bukavu, na vita vilivyoanza Agosti 1998 ndivyo vilivyonitoa kwetu nikiwa bado kijana. Baada ya kutangatanga nilifika Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Kwa hiyo ni ya zamani kunizidi mimi, na wapo wazee waliozaliwa humo na kuzalia humo. Nilisoma, nikapata stashahada ya ualimu, na tangu hapo nafundisha Kiswahili: asubuhi watoto, jioni watu wazima. Wanafunzi wangu ni Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, na mara mojamoja Muethiopia au Mueritrea. Kinachowapatanisha sokoni ni Kiswahili, ijapokuwa kila mmoja anakuja na chake. Mwezi wa Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, darasa langu la jioni lilijaa hata wengine wakasimama dirishani.

Vitabu je? Mwalimu yeyote aliyefundisha mahali kama hapa anajua jibu, nami sitamchosha. Nitasema tu kwamba nilipoanza kazi nilikuwa na vitabu vinne vya kusomea kwa watoto 63, na kimojawapo kilikuwa kimepoteza mwanzo, hivyo kwamba watoto waliokisoma walikuwa wakianza hadithi mahali ambapo fisi amekwisha kufa.

Hiyo ndiyo shida iliyonipeleka Mbarara mwaka 2009, kabla mji huo haujapandishwa kuwa jiji mwaka 2020. Nilikuwa na kurasa kumi na mbili za hadithi nilizoziandika kwa mkono, nikitaka zipigwe chapa. Duka la kwanza walinitajia bei, nikashukuru nikatoka. La pili vivyo hivyo. La tatu lilikuwa la mama mmoja wa Kinyankole, mstaafu, ambaye maisha yake yote alikuwa karani wa kupiga taipu. Alizisoma kurasa zangu zote kumi na mbili akiwa amesimama, kisha akaniuliza, “Mwalimu, una haraka?” Nikasema sina. “Basi njoo huku nyuma.”

Huko nyuma alifunua kitambaa cha meza, na chini ya kitambaa palikuwa na kompyuta ya aina ambayo sikuwa nimepata kuiona. Ilikuwa Amstrad PCW 8256. Aliinunua mwishoni mwa miaka ya 1980 kutoka kwa mwalimu mgeni aliyekuwa akirudi kwao Uingereza, na alilipa kwa mafungu, mwezi baada ya mwezi, hata mwenye mali alipokuwa amekwisha kuondoka.

Niruhusuni nieleze kidogo kifaa hicho, kwa maana vijana wetu huenda wakadhani ni hadithi. Kampuni ya Amstrad, iliyoanzishwa na Alan Sugar mwaka 1968, ilianza kuuza mashine hizo Uingereza mwaka 1985. Bei yake ilikuwa pauni 399 bila kodi, na kwa fedha hizo mtu alipewa vyote kwa pamoja: kioo, kibao cha herufi, programu ya kuandikia iitwayo LocoScript, na mashine ya kuchapia. Ilikusudiwa mtu wa kawaida nyumbani, aliyezoea taipureta na asiyetaka kujua mambo ya ndani ya kompyuta. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 256, ambayo leo haitoshi kuhifadhi picha moja ya simu. Kioo chake huonyesha maandishi ya kijani juu ya weusi, mistari 32, kila mmoja herufi 90. Haina mahali pa kudumu pa kuhifadhi kitu. Kila asubuhi lazima uipe diski ya kuamshia, kama mtoto anayepewa uji, ndipo ikumbuke kwamba yenyewe ni mashine ya kuandikia. Diski zake si zile pana zilizozoeleka, bali ni vidude vya inchi 3 vyenye ganda gumu, ambavyo hugeuzwa upande wa pili kama kaseti. Mashine za namna hiyo ziliendelea kutengenezwa, kwa sura mbalimbali, hadi 1998.

Ilipokuwa ikibuniwa jina lake la siri lilikuwa Joyce, jina la karani wa Alan Sugar mwenyewe. Nilipomsimulia Mama habari hiyo alicheka mpaka akakaa kitako. “Hata kwao,” akasema, “karani anafanya kazi, na sandukuni linaandikwa jina la bwana.”

Sasa niseme juu ya maneno, maana hili ni jarida la walimu wa Kiswahili na sina budi kulipa ushuru wangu. Tumebishana sana kama tuseme kompyuta, au ngamizi, au tarakilishi iliyoungwa kwa tarakimu na akili. Mimi sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Lakini tendo lenyewe, lile la kutia maneno kwenye karatasi, tumeliita siku zote kupiga chapa. Chapa ni neno lililotufikia kutoka Bara Hindi, likakaa karibu na kuchapa kwetu sisi, kule kwa fimbo, na nadhani masikio ya Waswahili yalifurahia ujirani huo. Basi tazameni mashine za leo: wino hurushwa kwa matone, au unga mweusi huyeyushwa kwa joto, na hakuna chochote kinachopigwa. Ile ya Mama hupiga. Kichwa chake kina sindano 9 zilizopangwa wima, na kila sindano hugonga utepe wenye wino, na utepe hugonga karatasi. Ukitaka herufi nzuri zaidi, kichwa hupita mara mbili juu ya mstari uleule, mara ya pili kikiwa kimesogea kwa unywele. Geuza karatasi upapase kwa kidole, utasikia maneno yametuna upande wa nyuma. Wanafunzi wangu wote hufanya hivyo mara ya kwanza, wakubwa kwa wadogo, bila kufundishwa.

Kwa kuwa hupiga, mashine hiyo ina uwezo ambao zile za kisasa hazina. Ukitoa utepe, sindano zinaweza kutoboa stensili. Walimu wa rika langu na walionitangulia wataikumbuka: karatasi laini iliyopakwa nta, ambayo palipogongwa nta hutoka, na wino hupenya hapo. Stensili huvishwa kwenye pipa la mashine ya kurudufia, ukazungusha mkono wa chuma, nazo nakala zikatoka kwa mamia. Kazi hiyo ilienezwa duniani na David Gestetner, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya biashara yake London tangu karne ya 19, na jina lake likawa ndilo jina la mashine katika ofisi nyingi za Afrika. Mama alikuwa nayo moja, ya mkono, isiyohitaji umeme. Akaniazima. Pamoja nayo akanipa boksi la stensili lililosalia tangu siku zake za kazi. Tulizihesabu pamoja: zilikuwa 87.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Mbarara palikuwa na umeme, basi huko tuliandika na kutoboa stensili. Nakivale palikuwa na mikono, basi huko tulizungusha. Nilikuwa nikizibeba stensili ndani ya teksi, zikiwa zimelazwa katikati ya mbao mbili nyembamba, nikizishika magotini kama mtu aliyebeba mayai, maana stensili iliyokunjika haina dawa. Zile kurasa kumi na mbili za kwanza zikawa vijitabu 70. Fisi akapata mwanzo wake.

Mtu ataniuliza: ilikuwa shida ya fedha tu? Lau ningepata fedha za nakala za kisasa, si ningeiacha mashine hiyo? Kwa muda mrefu nami nilidhani hivyo. Jambo lililonibadili ni la bibi mmoja wa Nakivale, ambalo nimelikusudia tangu mwanzo wa makala haya, na nimekuwa nikilizunguka.

Kati ya mwaka 2015 na 2018 niliwapa wanafunzi wangu wakubwa kazi: kila mmoja aende kwa mzee wa kwao, amwombe hadithi moja au kumbukumbu moja, aiandike vilevile alivyoisikia, aniletee. Zilikuja nyingi kuliko nilivyotazamia. Nilikuwa nikizipeleka Mbarara siku za Jumamosi na kuzitia kwenye diski. Sasa, wazee wale wengi walikuwa wa Kivu, na walisimulia kwa Kiswahili cha kwao, ambacho ndicho changu pia nilichonyonya kwa mama yangu. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kupata stashahada. Nilikuwa nimefundishwa kwamba Kiswahili sanifu ndicho kilichochaguliwa kutokana na Kiunguja mwaka 1928, kikasimamiwa tangu 1930 na Kamati ya Lugha ambayo Uganda nayo ilikuwamo, na kwamba kazi ya mwalimu ni kukifikisha. Kwa hiyo kila hadithi niliyoipokea niliisahihisha.

Bibi huyo alikuwa amemweleza mjukuu wake habari za kijiji chao. Mojawapo ya sentensi zake ilikuwa hii: “Ile wakati batu balikuwaka banalima pamoja, hakuna mutu aliulizaka mwenzake anatoka wapi.” Nilipomaliza nayo ilisomeka hivi: “Wakati ule watu walikuwa wakilima pamoja, wala hapakuwa na mtu aliyemwuliza mwenziwe atokako.” Niliipenda sana ile atokako.

Siku ya kugawa kijitabu tuliwaalika wazee. Mjukuu akasimama akasoma kwa sauti nzuri, kila kiambishi mahali pake, nami nikaona fahari. Bibi alisikiliza hadi mwisho, mikono yake ikiwa juu ya fimbo. Kisha akasema, si kwa hasira, “Mwalimu, hii ni Kiswahili ya ku redio. Ile yangu iko wapi?”

Nilimjibu maneno mengi ambayo leo siyakumbuki, na ninashukuru kwamba siyakumbuki. Yeye alirudia tu: ile yangu iko wapi? Watu hawa, ndugu msomaji, wamevuka mipaka wakiwa na nguo walizovaa. Picha ziliungua, vyeti vilibaki, hati za mashamba hazijulikani zilipo. Bibi alikuwa ametoa kitu kimoja ambacho hakuna askari aliyeweza kukipekua njiani, akampa mjukuu, mjukuu akanipa mimi, nami nikampokonya mbele ya hadhara. Daftari la mjukuu nilikuwa nimekwisha kulitumia kuwashia jiko. Na kwenye diski, nilipohifadhi hadithi niliyoisahihisha, ile ya awali niliifuta.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza Mama yaliyonipata. Hakusema kitu. Aliiwasha mashine, akaipa diski yake ya kuamshia, akatia diski ya hadithi, kisha akabonyeza vitufe viwili ambavyo sikuwa nimepata kuvigusa. Kwenye kioo, katika orodha ya majina ya maandishi yetu, yakajitokeza majina mengine ambayo hayakuwapo, na kando ya kila moja neno limbo.

Watengenezaji wa LocoScript walikuwa na huruma na waandishi. Ukifuta andiko, au ukihifadhi jipya juu ya la zamani, lile la zamani halipotei papo hapo. Huwekwa mahali waliposema ni limbo, likangoja humo mpaka nafasi ya diski ihitajike, hapo ndipo linapoondolewa kweli. Mama, aliye Mkatoliki wa siku nyingi, akanieleza kwamba limbo ni pale ambapo wazee walituambia roho zilingoja mlangoni, si ndani wala si nje. Mimi nikasikia neno jingine. Nikasikia ulimbo, ule utomvu tuliokuwa tukipaka kwenye vijiti utotoni ili ndege akitua anase. Nilikuwa nimelirusha neno la bibi liende zake, nalo likanasa.

Andiko la bibi lilikuwamo. Hadithi 17 kati ya 41 tulizipata kwa namna hiyo, kama zilivyotoka kwa wenyewe. Nyingine zilikuwa zimekwisha kufunikwa. Nilikaa mbele ya kile kioo cha kijani nikisoma “batu balikuwaka” na macho yakaniuma, na haikuwa kwa sababu ya mwanga. Tukatoboa stensili mpya. Kijitabu cha pili kilikuwa na kurasa mbili kwa kila hadithi, kushoto maneno ya msimulizi, kulia Kiswahili sanifu, na darasani tulizisoma zote mbili. Nawashauri walimu walio na wanafunzi wa Kivu, wa Katanga, au wa pwani ya mbali wajaribu jambo hilo. Sijapata kufundisha vipatanishi kwa wepesi kama siku ile watoto walipoona ba- na wa- zikitazamana katika karatasi moja, wakagundua wenyewe kwamba bibi hakuwa na makosa, bali alikuwa na kanuni.

Mashine yenyewe husaidia katika hili kwa ujinga wake. Haijui Kiingereza, wala Kiswahili, wala haijui kwamba haijui. Simu yangu, kwa upande mwingine, ni mjuzi. Siku moja niliandika kwamba mtoto fulani amejitahidi “sana”, nayo ikampelekea mzazi wake kwamba amejitahidi “Santa”. Alama yetu ya ng' nayo huteseka kwenye mashine za kisasa, ambazo huigeuza kuwa alama ya kufunga au kufungua usemi kwa kadiri zinavyoona inafaa. Ile ya kuukuu hupiga ulichoandika, nyoofu, hata kama ni makosa. Wasomali katika darasa langu, ambao lugha yao imeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972, hupata q na x zao bila taabu. Wakongo hupata alama za Kifaransa za majina yao kwa kushikilia kitufe cha ziada. Mueritrea pekee ndiye aliyeondoka patupu. Herufi za Kitigrinya hazimo, na ilinibidi nimwandikie kwa mkono pembeni.

Sitaki nimpambe mzee huyu wa chuma kupita kiasi. Alikwisha nitenda. Umeme ukikatika Mbarara, vyote ambavyo hujavihifadhi hufutika, na hakuna limbo ya kuviokoa. Kuna sura nzima ya ngano iliyopotea hivyo Jumamosi moja ya mvua. Mimi nami nilimtenda. Mwaka 2019 utepe ulipopauka nilijiona mwerevu, nikaupaka wino wa mihuri. Kwa siku mbili uliandika kwa weusi wa kupendeza, kisha wino ukagandia ndani ya kichwa, na sindano moja ikakataa kutoka. Mstari mwembamba mweupe ukapita katikati ya kila herufi, na kila e ikawa c: “mcza”, “pcmbc”, “kclclc”. Watoto walicheka wiki nzima. Mama alikisafisha kichwa kwa spiriti na kitambaa, jioni tatu mfululizo, huku akinisimulia juu ya makarani wavulana wa zamani waliodhani wino ni wino tu. Wino wa utepe lazima uwe na mafuta ndani yake, kwa maana ndio unaolainisha sindano. Tangu hapo utepe ukipauka tunaufungua, tunaudondoshea mafuta ya cherehani tone mojamoja, tunauacha usiku kucha, na wino uliobaki pembeni hurudi katikati.

Kisha yakaja maradhi. Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Usafiri nao ulizuiwa. Mbarara ikawa mbali kama Ulaya. Kwa bahati nilikuwa nimechukua stensili 9 zilizokwisha kutobolewa siku chache kabla. Masomo yalikuwa yakitolewa redioni, lakini si kila nyumba ilikuwa na redio, na redio haikusubiri mtoto aliyekwenda kuchota maji. Basi tulizungusha. Mashine ya kurudufia ilikuwa chini ya mwembe wa jirani, na vijana wawili walipokezana mkono, huku nakala zikianikwa juu ya mkeka na kuwekewa mawe. Kila Jumatatu tulipita nyumba kwa nyumba tukaacha karatasi chini ya mlango. Stensili 9 zilitulisha karibu mwaka. Mojawapo ilikuwa ukurasa wa bibi, ule wa kushoto.

Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2021.

Mwaka 2023 mashine ilikataa kusoma diski. Ilizitia, ikaguna, ikasema haioni kitu. Moja, mbili, zote kumi na moja. Niliona ugonjwa wa baridi ukinipanda. Hadithi 41, na zile 17 za awali, zilikuwa humo, na karatasi zilizogawiwa Nakivale zilikuwa zimekwisha kutoboka, kuungua, kulowa, kufungiwa karanga. Mwalimu mwenzangu kijana, hodari wa mambo ya simu, akaniambia kwa upole kwamba ndivyo yanavyokwisha mambo ya makumbusho. Hakukosea sana, nami nilimwambia hivyo. Alikuwa amekwisha kunishauri mara nyingi nipige picha kila karatasi, na sikuwa nimefanya.

Mama hakuamini kifo cha mashine bila kuona maiti. Aliifungua. Ndani ya kisukuma-diski tulikuta mkanda mdogo wa mpira uliokuwa umeyeyuka kuwa kama gundi; huo ndio unaozungusha diski, nao huoza kwa umri, hata wenye mashine hizi huko Uingereza hulalamikia jambo hilohilo. Tulikwenda kwa fundi redio mmoja, mzee anayekaa nje ya duka na bado ana kopo lililojaa mikanda ya redio kaseti. Alichagua mmoja kwa macho. Ulikuwa umekaza mno na diski ikazunguka kwa kusitasita. Alichagua wa pili. Mashine ikaguna, ikatulia, na orodha ya kijani ikatokea. Fundi hakutaka fedha. Alitaka kuiona inavyopiga. Akapewa kiti.

Tulipiga chapa usiku tatu. Hatukutoboa stensili, tulirudisha utepe na kupiga karatasi za kawaida, nakala mbili za kila kitu, kwa kuwa hakuna aliyejua mkanda wa redio utavumilia mpaka lini. Mama alikuwa akiingiza karatasi mojamoja kwa mkono, mimi nikizipokea na kuzipanga. Yule mwalimu kijana alikuja usiku wa pili na simu yake akapiga picha kila ukurasa ulipotoka, bado ukiwa na harufu ya mafuta. Nakala moja iko Nakivale katika sanduku la bati. Ya pili iko kwa Mama, chini ya kitambaa kilekile cha meza.

Stensili zimebaki 4. Mwezi uliopita mjukuu wa bibi, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili na anauza vitenge Base Camp, alinijia akitaka ukurasa wa nyanya yake. Nilimpa nakala aisome kwanza, ili tukitoboa stensili tusiiharibu bure. Aliisoma akiwa amesimama, kama Mama alivyosoma zangu siku ile ya kwanza. Kisha akaweka kidole juu ya neno “kijiji” na kusema kwamba nyanya yake hakulitamka hivyo hata siku moja. Alisema “kijiji” mbele ya wageni tu, lakini siku ile alisema “kule kwetu”, naye mwenyewe ndiye aliyeandika “kijiji” kwenye daftari kwa kuogopa kwamba mwalimu atamkata alama.

Jumamosi nitakwenda Mbarara kulibadili.